Uzi wa riwaya za fantasia: kabla hujakianza kitabu, angalia uchawi wake una masharti gani

Mleta uzi

Wakuu asalaam aleikum, na wa hamjambo hamjambo. Huu uzi ni wa wale tunaosoma fantasia, zile za majini, madragoni, visiwa vya kichawi na wafalme wa nchi ambazo hazipo. Najua wengi humu mko kwenye kijasusi na mapenzi, sina ugomvi nazo, ila kila nikitaja fantasia napata meseji za swali lile lile, "mkuu nianze na kipi", kwa hiyo leo naandika yote hapa. Niko Tanga, Ngamiani, vitabu nasoma vya kuazima, vya mitumba na vya kwenye simu, hela ya kubahatisha hakuna.

Kwanza watu wanavyochagua. Kuna wanaochagua kwa kava. Kuna wa ramani, akifungua akakuta kurasa mbili za milima na mito yenye majina marefu basi kashalipa. Kuna wa sizini, kaiona kwenye TV anataka na kitabu chake. Na kuna wanaoamini kitabu kinene ndo kitabu. Mimi naona hivyo vyote havikwambii lolote kuhusu mwandishi kama anajua kusimulia, ramani mtu yeyote anachora.

Mimi naangalia sharti. Yaani huo uchawi wa mle ndani unamdai mtu nini, una mwiko gani, na ukivunjwa nani analipa. Basi. Watu wa pwani hili tunalo toka utotoni, bibi hakukwambia tu kwamba jini ana nguvu, alikwambia jini kampa kijana funguo saba na kasema vyumba sita fungua, cha saba usithubutu. Kuanzia hapo wewe umekaa macho yamekutoka unasubiri lini atafungua. Hadithi nzima imekaa kwenye lile katazo, nguvu za jini zenyewe wala hukuziwaza tena.

Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mzee wetu wa hapa hapa, mzaliwa wa Vibambani, Machui, 1909. Kitabu kilitoka 1952, chembamba, ukikaa nacho Jumamosi na Jumapili umemaliza. Mle kuna liwali anaitwa Adili, mtu mpole wa watu, kodi ya sehemu yake imechelewa na Mfalme Rai anamtuma Ayari aende akaangalie kuna nini. Ayari anapokelewa vizuri, analishwa, analazwa, halafu usiku anamwona yule yule mwenyeji wake mpole anawaendea manyani wawili, anawachapa mpaka wanalia, na akishamaliza na yeye analia machozi anawabembeleza. Sasa wewe msomaji unajiuliza huyu bwana ana nini? Wale manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, jini kawageuza kwa ubaya waliomfanyia, na Adili kapewa amri ya kuwachapa kila usiku, akiacha yanamgeukia yeye. Angalieni uchawi umefanya kazi ndogo kiasi gani, umegeuza watu wawili, basi, kilichobaki chote kinabebwa na lile sharti, mtu mwema analazimishwa kila usiku kufanya jambo ambalo moyo wake hautaki. Hiyo ndo fantasia ninayoitafuta kokote, iwe ya Tanga au ya Marekani.

Na ya Marekani ipo. A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, 1968. Hii nampa kila mtu wa pwani maana dunia yote ya mle ni visiwa, watu maisha yao ni bahari, na mchawi mzuri anachukuliwa na manahodha akawaitie upepo. Kijana mwenyewe anaitwa Ged, ngozi yake rangi ya shaba, na rafiki yake Vetch ni mweusi ti, nasema tena, 1968 hiyo. Masharti yake sasa: kila kitu kina jina lake la kweli, ukilijua unakitawala, ndo maana watu wanaficha majina yao kuliko wanavyoficha hela. Na ukivuta mvua ije kisiwa hiki ujue kuna kisiwa kingine umekinyima. Ged kwa majivuno ya ujana anashindana na mwenzie shuleni, anamwita mtu aliyekufa, na kupitia pale kunatoka kivuli ambacho kinamwinda kitabu kizima mpaka siku anapogeuka yeye kukiwinda. Kuna sehemu nataka muifikie wenyewe, baada ya lile balaa Ged kabaki na makovu usoni, hajiamini tena, Vetch anaondoka kurudi kwao na kabla hajaondoka anamwambia jina lake la kweli. Hakuna radi hapo wala upanga, mtu kamwambia mwenzie jina, lakini kwa kuwa mwandishi alishatufundisha jina lina uzito gani, pale mimi nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

Kinyume chake mnakijua, shujaa kazingirwa na maadui, kashika panga limevunjika, mara anagundua ndani yake kuna nguvu nyingine ambayo hatukuwahi kuambiwa, anawachoma wote, kitabu cha pili anagundua nyingine kubwa zaidi. Hapo mimi natoka. Kama nguvu zinaongezwa kila mwandishi akikwama basi hakuna cha kuhofia, na usipohofia unasomea nini sasa.

Jambo la pili, hili kwa wenye hela ya mawazo: mfululizo ambao mwandishi hajaumaliza usiuanze kama huna subira. George R. R. Martin kaanza A Song of Ice and Fire, ile ya Game of Thrones, 1996, kitabu cha 5 kikatoka 2011, watu wanasubiri cha 6. Patrick Rothfuss na The Kingkiller Chronicle, kitabu cha kwanza 2007, cha pili 2011, cha tatu bado kinasubiriwa, na yule jamaa anaandika vizuri sana ndo maana inauma. Robert Jordan alianza The Wheel of Time 1990, akafariki 2007 hajamaliza, Brandon Sanderson akapewa kazi ya kumalizia kwa maandishi yaliyoachwa na mwenyewe, mpaka 2013 vikafika vitabu 14. Huo angalau umeisha, lakini nawaambia ukweli katikati pale panachosha, watu wanasafiri, wanabishana, wanabadilisha nguo, vita haisogei. Mwenye moyo aanze. Anayetaka kujaribu tu hii kitu aanze na kitabu kimoja kinachojitegemea.

Karibuni, mkosoe, mchangie.

Mdau wa Makorora

Mkuu shukran kwa uzi ila hapa umeturuka. Unamtaja Shaaban Robert halafu unaacha Kusadikika? Nchi iko angani bwana, mjumbe mmoja kaenda kaskazini, mwingine kusini, mwingine mashariki, mpaka kuna aliyepanda mbinguni na aliyeshuka ardhini. Kama hiyo si fantasia basi fantasia ni nini?

Mleta uzi

Sikuiruka kwa dharau, Kusadikika ya 1951 nimeisoma na ninaiheshimu sana. Ila naiweka kwenye mafumbo. Karama kasimama kizimbani, waziri Majivuno kamshitaki, na anajitetea kwa kusimulia wale wajumbe sita ambao kila mmoja alirudi na jambo jema kwa nchi yake akaishia kufungwa. Ukisoma unajua kabisa huyu mzee anaongelea utawala wa enzi zake, mkoloni yupo, kusema wazi haiwezekani, kwa hiyo kaipeleka nchi angani. Ndo maana huhisi baridi ya kule juu wala njaa ya safari, unahisi hoja, na hoja zenyewe ni nzito. Kwenye Adili ninamhofia Adili mwenyewe, mgongo wake, usiku wake. Kwa hiyo anayetaka kuanza fantasia nampa Adili, anayetaka kufikiria serikali nampa Kusadikika. Na kwenye kapu hilo hilo la mafumbo naiweka Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995, na Bina-Adamu! ya Wamitila, 2002, zote tamu lakini unasoma huku unatafuta nani ni nani.

Dada wa Chumbageni

Kaka nimekusoma vizuri, maswali mawili. Moja, vingi ulivyotaja vya Kizungu na Kingereza changu ni cha kuungaunga, nikikutana na majina kumi kwenye ukurasa wa kwanza nakata tamaa. Pili, kila siku shujaa ni kijana wa kiume asiyejijua kuwa mtoto wa mfalme, hakuna cha mwanamke mtu mzima mwenye mambo yake?

Mleta uzi

Dada hilo la pili umenifurahisha maana jibu ninalo na ni la bahari yetu. The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, 2023. Nahodha mwanamke, Mwislamu, zamani alikuwa haramia anayejulikana Bahari ya Hindi nzima, karne ya 12, sasa kastaafu, ana mtoto wa kike, ana mama yake, goti linamsumbua, paa la nyumba linataka kutengenezwa. Anakuja mama tajiri anataka mjukuu wake atafutwe na malipo ni makubwa, basi anarudi baharini kuwakusanya wenzake wa zamani. Utakutana na Aden, utakutana na Socotra, pepo za msimu, bandari, ushuru, watu wa kila kabila kwenye chombo kimoja. Na huyu mama anaswali, anajua madhambi yake, anaogopa Mungu, haijawekwa kama pambo. Uchawi upo na una masharti, mmoja wa waume zake wala si binadamu, siendelei hapo usije ukanilaumu nimekuharibia.

Kuhusu Kingereza, usitafute kila neno kwenye kamusi, utachoka kabla ya ukurasa wa tano. Majina ya mwanzoni yapite tu, yale muhimu yatarudi yenyewe na utayazoea. Na anza na kilichoandikiwa vijana, lugha yake nyepesi. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, 2011, inamhusu Sunny, binti albino wa wazazi wa Kinaijeria, kazaliwa Marekani lakini anaishi Nigeria, anagundua yuko kwenye watu wenye juju, yaani uchawi. Kuna kitu mle kimenikaa kichwani mpaka leo, hela zao zinadondoka kutoka hewani pale mtu anapojifunza jambo. Umeelewa kitu kigumu leo, miguuni pako zinaanguka fedha. Ukiwa mjinga huli. Na mtu asidhani ni zawadi tu, maana mtu mwenye tamaa ya kujua naye ana pa kupotelea, na kitabu kinakuonyesha.

Mwalimu wa Pongwe

Nasoma kimya kimya lakini hili niulize kwa nia njema. Sisi wazazi na walimu tunaambiwa vitabu vya uchawi vinawazoesha watoto mambo ya kishirikina, na mkoa wetu unavyosemwa tayari. Wewe unalionaje?

Mleta uzi

Mwalimu swali lako ni la maana na silipuuzi. La halali na haramu kila mtu ana shekhe wake au mchungaji wake, mimi siwezi kujifanya. Ninachoweza kusema ni kama msomaji. Watoto wetu hizi hadithi wanazo tayari, wanasimuliwa mbuyu ule ukipita saa saba mchana usiite jina la mwenzio, wanasimuliwa paka wa usiku, na hizo mara nyingi zinamwacha mtoto na hofu tupu, haziendi kokote. Riwaya nzuri inamwonyesha mtu aliyechukua njia ya mkato na gharama aliyolipa. Ged anaita mfu kwa kutaka sifa na mwalimu wake mkuu anakufa kwa kuuziba ule mlango alioufungua. Mtoto akisoma hapo hatamani kuita mfu. Ushauri wangu soma wewe kwanza, kisha msome pamoja mkiulizana. Na yale ambayo uchawi ni mchezo wa kujipatia utajiri bila kulipa chochote, hayo na mimi simpi mtoto.

Mdau wa Bagamoyo

Mimi napinga kidogo. Hii kanuni yako ya masharti inafaa vitabu vilivyonyooka. Kuna vitabu vizuri mno ambavyo havina sheria yoyote, kila ukurasa ni ndoto. The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola ya 1952, mle kinatokea chochote saa yoyote. Nagona ya Kezilahabi vile vile. Ukishika kanuni yako utavikosa.

Mleta uzi

Hapa ndo patamu, ngoja nikae vizuri.

Tutuola nakubali ni kama ndoto, na kwa mtu wa pwani ni rahisi kuingia kwa sababu mwanzo wake ni mgema. Jamaa kazi yake ni kunywa tembo tu, baba yake kampa shamba la michikichi 560,000 na mgema wa kumgemea, mgema anaanguka mtini anakufa, rafiki wote wanakimbia maana tembo hakuna tena, basi jamaa anafunga safari kwenda mji wa wafu kumfuata mgema wake. Njiani kweli kinatokea chochote. Lakini kumbuka pale yeye na mkewe wanapofika sehemu wanauza kifo chao na hofu yao wanaiazimisha kwa riba. Kifo kimeuzwa moja kwa moja kwa hiyo hawawezi kufa tena, hofu imeazimishwa tu kwa hiyo siku ikirudishwa wanaanza kuogopa upya, na kuanzia hapo kila zimwi likiwakamata msomaji unajua hawafi lakini wanaweza kuteswa na wanaweza kutetemeka. Sasa hilo si sharti? Tena ni zuri kuliko mengi niliyosoma, kuuza kimoja na kuazimisha kingine, na Tutuola hakusahau, anakukumbusha mbele huko. Kwa hiyo hata kwenye ndoto yake kuna daftari la madeni.

Nagona nakuachia. Kile cha 1990, na Mzingile kilichofuata 1991, naona si vya kuchagua kwa kipimo changu, ni vya mtu aliyekaa na falsafa na mashairi, na nikiulizwa na anayeanza sitamtajia hata kama ninavipenda. Akivianza leo kesho atasema Kiswahili hakina riwaya za kusomeka, na tutakuwa tumempoteza msomaji bure.

Mdau wa Muheza

Wakuu mimi maswali yangu ya kawaida tu. Nikiwa nimesimama kwenye meza ya mitumba na muuzaji ananiangalia, hilo sharti nalijuaje bila kusoma kitabu kizima?

Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na muuzaji mwache akuangalie, hela ni yako. Maneno ya nyuma ya kitabu usiyape uzito, kila kitabu nyuma kimesifiwa. Fungua sura ya kwanza utafute mahali pa kwanza mtu anapotumia uchawi au anapokutana nao. Soma aya mbili tatu zinazofuata. Je kuna kilichompungua? Kachoka, kadaiwa, kaonywa, kaogopwa na majirani? Kama katoa moto mkononi akaendelea na mazungumzo, rudisha kitabu mezani.

Halafu fungua katikati utafute ukurasa ambao watu wanakula au wanafanya kazi. Nchi ya kubuni lazima iwe na mtu anayepika na mtu anayelipa kodi. Chakula chao kinatoka wapi, nani analima, nani anaosha vyombo vya hayo majumba ya kifalme. Mwandishi aliyewaza hayo mara nyingi kawaza na mengine. Kumbuka hata Adili, jambo lote linaanza kwa sababu kodi imechelewa. Na Amina wa Chakraborty kabla ya zimwi lolote yuko kwenye hesabu za paa linalovuja. Mimi kipimo hiki cha chakula nakiamini kuliko tuzo.

Ingawa tuzo nazo si za kutupa zote, N. K. Jemisin kashinda Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na sayansi ya kubuni, ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, kwa vitabu vitatu vya mfululizo mmoja, The Broken Earth, na mle watu wenye uwezo wa kutuliza matetemeko ya ardhi wanaogopwa na kutumikishwa na wale wale wanaookolewa. Nzito, inaumiza, haimfai anayeanza, lakini ukishakomaa itafute.

Mdau wa Makorora

Nimerudi. Sasa kwa nini hakuna wa kwetu anayeandika hizi kwa Kiswahili kwa kutumia vitu vya hapa? Mapango ya Amboni haya hapa, kilomita kama nane tu kutoka mjini, watu mpaka leo wanapeleka sadaka mle ndani, wengine wanakwambia njia yake inatokea Kilimanjaro. Magofu ya Tongoni yale pale. Jamani!

Mleta uzi

Hili linaniuma kuliko yote. Na umesahau Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha kwenye mapango yale miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikiwatafuta, watu mpaka leo wanawasimulia kama walikuwa hawapigwi risasi. Malighafi tunayo.

Ila nimesoma majaribio mengi ya kwenye simu, zile hadithi za sehemu ya 1 mpaka ya 90, na shida ninayoiona ni ile ile, jini anaweza yote. Anapaa, anageuka nyoka, anasoma mawazo, anafufua, kesho anashindwa na kitasa cha mlango kwa sababu mwandishi anataka sehemu ya 91. Wanaoandika humu nawaomba, kabla hamjaanza kaeni na wazee muwaulize yale mapango yana miiko gani, nani haruhusiwi kuingia, unaingia na nini, ukitoka unafanya nini. Chukueni mwiko mmoja tu, mjenge riwaya juu yake, na huo msiuvunje hovyo. Mtu akiandika hivyo kwa Kiswahili hiki tunachoongea barazani, kitabu chake nanunua hadikopi, na nitatembea nacho mtaa kwa mtaa kuwaonyesha watu.

Dada wa Chumbageni

Nimeshaanza Akata Witch kwenye simu, niko sura ya tatu, majina nimeyaacha yapite kama ulivyosema na kweli yanarudi yenyewe. Mdogo wangu wa darasa la saba naye anataka, ila kashaambiwa na wenzie aanze Narnia na wanabishana aanze na namba gani.

Mleta uzi

Safi sana dada. Narnia viko 7, C. S. Lewis alivitoa 1950 mpaka 1956, na siku hizi wanavipanga kwa mtiririko wa matukio kwa hiyo utakuta namba 1 ni The Magician's Nephew ambacho kilitoka 1955. Mwambie aanze na cha 1950, The Lion, the Witch and the Wardrobe, maana pale mtoto anaingia kabatini hajui kuna nini na msomaji naye hajui. Akianza na kile kingine anaingia kabatini huku ameshajua kabati limetoka wapi.

Adili ninayo nakala ya mitumba, kava limetoka lakini kurasa zote zipo. Jumamosi nitakuwa pale maktaba ya mkoa asubuhi, mje muichukue, mkimaliza mpeni Mdau wa Muheza.